Kompyuta mpya isifute hesabu za mkulima

Chama cha ushirika au duka la pembejeo linaponunua kompyuta mpya, huenda programu ya hesabu iliyotumika kwa miaka 20 ikakataa kufunguka. Sababu inajulikana: Windows 11 haiendeshi programu za zamani za DOS. Lakini mkulima anayedai malipo yake hawezi kujibiwa kuwa mashine imegoma.

Ipo njia ya gharama nafuu. Programu ya VirtualBox, inayopatikana bure, hutengeneza kompyuta pepe ndani ya kompyuta mpya. Humo huwekwa Windows ya zamani yenye leseni halali, kisha programu ile ile ya hesabu, na kumbukumbu zikasomeka tena.

Tahadhari ni muhimu. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Aprili 2014, hivyo kompyuta pepe hiyo isiunganishwe na intaneti. Nakala za kumbukumbu zihifadhiwe sehemu mbili tofauti.

Tunawashauri viongozi na wenye maduka waitumie njia hii kama daraja tu, huku wakihamishia hesabu kwenye programu ya kisasa. Deni la mkulima halifutiki kwa kubadilisha kompyuta.