Macho ya Vijana Hayasubiri Foleni

Makamanda, kuna ugonjwa unaitwa keratokonasi. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, inakonda na kuchongoka kama koni. Mara nyingi unaanza kwenye umri wetu huu huu, kati ya balehe na miaka ya 20, na kufikicha macho kunauchochea. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alibadilishiwa miwani mara tatu kabla mtu hajampima umbo la konea.

Tiba ya kuuzuia ipo. Ilianzia Dresden, Ujerumani, na matokeo kwa wagonjwa yakachapishwa 2003. Jicho linawekewa matone ya vitamini B2, kisha linamulikwa mwanga wa UVA ili nyuzi za kolajeni zishikane na konea ikaze. Kwa utaratibu ule wa awali ni kama saa moja tu. Ila tuelewane: tiba hii kazi yake ni kuzuia, uono uliopotea haiurudishi. Ukichelewa sana, unabaki kusubiri kupandikizwa konea ya marehemu.

Sasa nije kwenye sheria. Bunge lilipitisha Bima ya Afya kwa Wote 2023. Swali letu liwe hili: itamwahi kijana huyu, au itamngoja aharibikiwe kwanza?

Tudai mawili. Kipimo cha konea kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Na tiba hii iwemo kwenye kitita cha msingi. Wakisema ni ghali, jamani, kijana asiyeona ubao ni rahisi?

Mwulize mbunge wako. Kwa maandishi.