Acheni Kumwita Rambo
Mbwa ana kilo 60, analala mlangoni hadi wageni wanamruka, na bado unamwita Rambo. Kisa? Eti kibao cha "Mbwa Kali" hapo getini kisionekane cha uongo. Mtoto wa jirani akisikia ukiita "Rambo!" anaokota jiwe, na mnyama ambaye hajawahi kumng'ata mtu anarudi jicho limevimba. Jiwe hilo ni lako, boss. (Simba nalo? Ita hilo jina mtaani uone wanakuja wangapi.)

Mwite Shwari. Ni neno la bahari iliyotulia, lilikuwepo kabla M-Shwari haijaligeuza deni mwaka 2012. Ukisema "Shwari, njoo," hata soja wa usiku atajaribu kumkuna masikio.