Dalili za bei ya shaba na funzo la Zambia

DALILI ya mvua ni mawingu, na bei ya shaba nayo haipandi wala haishuki bila ishara. Kwa Zambia, ambayo hutegemea madini hayo kwa takriban asilimia 70 ya mapato ya mauzo yake ya nje, kuzisoma ishara hizo ni suala la kufa kupona.

Mnamo Februari 2011, tani moja ya shaba ilipita dola 10,000 katika soko la metali la London (LME). Kati ya 2012 na 2015, serikali ya Lusaka ilikopa dola bilioni 3 kwa kuuza hatifungani nje ya nchi. Kufikia Januari 2016, bei ilikuwa chini ya dola 4,500. Kampuni ya Glencore ilikuwa imesitisha uzalishaji Mopani, maelfu ya wachimbaji wakapoteza ajira na thamani ya kwacha ikaporomoka. Mnamo Novemba 2020, Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Shaba haikuwa sababu pekee ya masaibu hayo, lakini ndiyo iliyowapa viongozi ujasiri wa kukopa.

Je, mawingu hayakuonekana? Yalionekana, tena Uchina. Taifa hilo hutumia zaidi ya nusu ya shaba iliyosafishwa duniani, na ukuaji wa uchumi wake ulikuwa umepungua kutoka zaidi ya asilimia 10 mwaka 2010 hadi takriban asilimia 7 mwaka 2015. Kila mwezi, mameneja wa ununuzi viwandani nchini humo huulizwa iwapo oda zimeongezeka au zimepungua. Matokeo yakiwa zaidi ya 50, viwanda vinapanuka; yakiwa chini ya hapo, vinanywea, na mara nyingi shaba hushuka navyo.

Ishara ya pili ni dola ya Marekani. Kwa kuwa shaba huuzwa kwa sarafu hiyo, dola ikiimarika mnunuzi wa nchi nyingine hulazimika kulipa zaidi, na hamu ya kununua hupungua. Ndiyo maana wafanyabiashara hufuatilia kwa makini maamuzi ya benki kuu ya Marekani kuhusu viwango vya riba.

Tatu ni hali ya migodi. Mgomo wa wachimbaji wa Escondida, Chile, mwaka 2017 na kufungwa kwa mgodi wa Cobre Panamá mwishoni mwa 2023 kulipunguza shaba iliyotarajiwa sokoni.

Nne ni akiba iliyo maghalani. Ikipungua, bei hupanda. Hata hivyo, ishara hii inaweza kupotosha. Mapema mwaka 2025, wafanyabiashara walikimbiza shaba Marekani kabla ya ushuru mpya kutozwa. Maghala ya LME yakapungukiwa, ilhali shaba haikuwa imetumika bali ilikuwa imehamishwa. Julai 30, Rais Donald Trump alipotangaza kuwa ushuru wa asilimia 50 hautagusa shaba iliyosafishwa, bei ya New York ilianguka kwa zaidi ya asilimia 20.

Kwa hivyo, hakuna ishara moja inayotosha. Akiba ikipungua huku viwanda vya Uchina vikinywea, busara ni kuuliza shaba imeenda wapi kabla ya kushangilia.

Hilo lina uzito mkubwa kwa Zambia, ambayo chini ya Rais Hakainde Hichilema ilijiwekea lengo la kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Magari ya umeme na nyaya za kusambaza nguvu zinaongeza mahitaji, na Mei 2024 bei ilivuka dola 11,000 London. Lakini hata mwaka 2011 matumaini yalikuwa makubwa. Lusaka haiwezi kupanga bei ya shaba, lakini inaweza kuamua kiasi cha kukopa bei inapokuwa juu, na kiasi cha kuweka. Akiba haiozi.