SEHEMU YA 4: Rangi nyekundu siyo damu, mama

Niliwaahidi leo tuongelee kiungulia. Kiungulia kitasubiri. Nimetoka zamu ya usiku na nina hasira kidogo, mnivumilie.

Usiku tumepokea mama leba, mimba ya pili, miezi imetimia, uchungu umeshakolea. Tunapima damu: 5.8. Namuuliza, vidonge vya damu ulikuwa unakunywa? Mama mkwe akajibu kwa niaba yake, "Anakunywa juisi, nesi, kila siku hakosi." Juisi ya rozela na bitiruti, chupa ya lita moja shilingi elfu nane, anamletea dada mmoja anayeuza mtandaoni. Wiki sita. Vidonge alivyopewa bure kliniki vilikuwa humo humo kwenye mkoba, vifuko viwili, havijaguswa. Saa nane usiku ndugu wanapigiwa simu waje kuchangia damu. Mwenye damu ya 11 akipoteza nusu lita wakati wa kujifungua anachoka, anapumzika, anaamka. Mwenye 5.8 hana cha kupoteza. Amepona, mtoto mzima. Lakini mimi bado sijapata usingizi.

Sasa nyie mnaouza "juisi ya kuongeza damu ndani ya siku tatu", hebu tuelezane.

Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu. Hata wa rozela. Ndiyo maana wengine wakinywa bitiruti mkojo unatoka mwekundu, wanafurahi eti damu imejaa mpaka inamwagika. Hapana mwenzangu, hiyo ni rangi inapita. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, na inahitaji madini ya chuma. Gramu mia za bitiruti hazifikishi hata miligramu moja ya chuma. Kidonge kimoja cha FEFO kina takriban miligramu 60. Ili ufikie hapo kwa bitiruti unahitaji zaidi ya kilo sita, kila siku, na bado mwili unafyonza sehemu ndogo tu. Nani anakula kilo sita za bitiruti?

Na hizo siku tatu zimetoka wapi? Hata ukianza dawa leo, chembe mpya za damu zinahitaji kama wiki nzima ndiyo zianze kuonekana kwa wingi. Ukinywa vidonge vizuri, kwa mwezi damu inapanda namba moja, wakati mwingine mbili. Anayekuahidi kutoka 7 kwenda 11 ndani ya siku tatu hajui anachosema, au anajua na anataka hela yako.

Wale wa virutubisho vya laki na nusu nao wasijifiche. Geuza chupa, soma kimeandikwa chuma miligramu ngapi. Nyingine hazijaandika kabisa! Unalipa laki na nusu kwa kitu ambacho kliniki unapewa bure. Najua kuna siku vinaisha kliniki na unaambiwa ukanunue, hilo ni kosa na linaniudhi. Ila hata ukinunua duka la dawa, vya mwezi mzima ni bei ndogo kuliko chupa moja ya hiyo juisi.

Kuna watakaoniambia bibi zetu hawakunywa vidonge na walizaa kumi. Muulize bibi yako, kwa utulivu, kwenye hao kumi alizika wangapi. Halafu muulize kuhusu dada zake na majirani waliofia uzazi. Mimi wa kwangu nilimuuliza. Alinyamaza muda mrefu.

Lakini lawama zote nisiwatupie wauzaji. Na sisi manesi tumo. Tunahesabu vidonge, tunatia kwenye kifuko, "kimoja kila siku, haya mwingine aingie." Hatumwambii mama kwamba choo kitakuwa cheusi, atasikia kichefuchefu, anaweza kufunga choo. Akienda chooni akaona weusi anashtuka, anavitupa, na dada wa juisi yupo kwenye simu yake na maneno matamu. Mimi mwenyewe mimba yangu ya kwanza niliviweka kwenye droo wiki tatu, nesi mzima! Harufu tu ilikuwa inanitapisha. Aliyenisaidia ni mkunga wa zamani pale kazini: alisema kunywa usiku, umeshakula, ukimeza unalala. Nikaweza.

Kwa hiyo fanya hivyo. Meza usiku baada ya chakula. Usimezee chai wala maziwa, chai inazuia chuma kufyonzwa. Acha saa moja au mbili zipite. Mezea maji yenye ndimu, au kula chungwa, au pera. Choo cheusi ni kawaida. Ukifunga choo ongeza maji, mboga na papai lililoiva, usiache dawa. Vikikushinda kabisa rudi kliniki useme, usikae kimya nyumbani. Na viwe mbali na watoto, tafadhali. Mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumuua.

Chakula ndiyo, sijakataa chakula. Dagaa, nyama, maharage, mchicha, na kachumbari yenye ndimu pembeni. Maini kidogo tu, siyo kila siku, yana vitamini A nyingi mno kwa mjamzito. Bitiruti kula kama unaipenda. Rozela lita nzima kila siku mimi siishauri, inashusha presha.

Na udongo jamani, ule wa kuuzwa sokoni. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imeshapungua, na udongo wenyewe unazidi kuzuia chuma na unaweza kukuletea minyoo. Malaria na minyoo vyote vinakula damu, ndiyo maana tunakupa SP, dawa ya minyoo na chandarua. Mwenye selimundu asijianzishie dawa ya kuongeza damu, aanze na daktari.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu humu.

Mjamzito unayesoma hii, chukua kadi yako ya kliniki sasa hivi, tafuta namba ya damu ya mara ya mwisho. Chini ya 11 ni pungufu. Chini ya 7, au moyo unakwenda mbio na pumzi zinakata ukitembea hatua chache, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda sasa hivi. Kama kwenye kadi hakuna namba yoyote, wadai wakupime.