Mochari Si Mila

Hapa Migosi, Kisumu, mtu akifariki, kamati ya mazishi hukaa kabla mjane hajamaliza kulia. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, namba ya kuchangia hutumwa, bajeti husomwa: jeneza, hema, spika, magari, fulana zenye picha ya marehemu, fahali wawili. Uliza kwa nini maiti alale mochari wiki tatu na bili inapanda kila kukicha. Utajibiwa: ni mila. Mjaluo hazikwi kama mbwa.

Si kweli, na imani hii inatufilisi. Mababu zetu hawakuwa na mochari. Kwa joto la hapa kando ya Ziwa Victoria walizika upesi, maiti akiwa amefungwa ngozi ya ng'ombe. Ilichodai mila ni mahali: mwanamume upande wa kulia wa nyumba yake, mwanamke upande wa kushoto, ndani ya dala, yaani boma lake, ili vizazi vijue ardhi ile ni ya nani. Kaburi lilikuwa hati ya shamba kabla serikali haijachapa hati. Kwenye ibada ya tero buru vijana walikimbiza mifugo wakiwa na mikuki kukifukuza kifo hadi mpakani. Nyama ililiwa, ndiyo, lakini ilitoka katika zizi la marehemu. Leo inatoka kwenye mkopo wa mwanawe.

Wanaobisha hupenda kutaja kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, akazikwa Mei 1987. Basi wasome vizuri walichogombania: mahali. Miezi ile mitano ilitokana na mahakama, haikuagizwa na babu yeyote.

Hata wakubwa wa siku hizi walizikwa upesi. Jenerali Francis Ogolla alifariki 18 Aprili 2024. Tarehe 21 alizikwa kwao Alego, bila jeneza, kama alivyousia. Raila Odinga, Agwambo wetu, alifariki India 15 Oktoba 2025, naye alikuwa ameomba azikwe ndani ya saa 72. Umati ulimuaga Mamboleo, jirani zetu hapa, na tarehe 19 akazikwa kwao Kang'o ka Jaramogi. Nani atathubutu kusema Agwambo hakuzikwa Kijaluo? Basi mtu asiniambie tunamngoja kaka aliye Marekani apate likizo. Mwili wa Raila ulivuka bahari ukafika Kenya siku ya pili.

Ninachokipinga ni fahari ya walio hai iliyovalishwa ngozi ya chui ya wazee. Ikiondoka, huacha mjane na deni la hema, na watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kamati itakayofuata hapa Migosi na ianze na karo hiyo. Ikishalipwa, ndipo isome bei ya jeneza.