Mtoto wako kapewa nafasi ya mtumwa. Tufanyeje? (Sehemu ya 6)

Leo chanjo na uji wa lishe tuviweke pembeni kidogo.

Mtaani kwetu hapa Bagamoyo tunaandaa igizo la historia ya mji. Juzi mama mmoja kaniletea binti yake wa miaka 6 (kaniruhusu nisimulie). Hana homa, mkojo safi, ila wiki nzima anashtuka usiku na kukojoa kitandani, kitu alichoacha zamani. Kumuuliza taratibu, akasema kwenye mazoezi anafungwa kamba, anavutwa, anaambiwa alie.

Kuna wanaosema basi sehemu ya utumwa iondolewe. Mimi nakataa. Watu waliuzwa hapa, na mtoto akifichwa nyumbani atayasikia barabarani, tena kwa matusi. Nani hajawahi kusikia mtu akiitwa "mjukuu wa mtumwa" kwenye ugomvi wa kisimani? Aibu hiyo si ya aliyefungwa, ni ya aliyefunga. Igizo ndiyo nafasi ya kulisema hilo mbele ya mtaa mzima.

Lakini kamba wavae watu wazima. Mtoto wa miaka 6 anaweza kujua ni mchezo na bado akaogopa. Mwili wake unaogopa kweli.

Na hili limeniuma zaidi: watoto waliochaguliwa kuwa watumwa wote ni weusi sana. Nilipouliza, nikajibiwa, "Si wanafanana?" Jamani! Mtoto anayetaniwa rangi shuleni, leo tunampandisha jukwaani kuthibitisha utani?

Halafu historia yetu si minyororo tu. Wapagazi wengi walioshusha pembe za ndovu hapa walikuwa Wanyamwezi huru, waliotembea miezi kutoka bara kwa ujira wao. Mwaka 1874 Chuma na Susi walifika hapa na wenzao wakiwa na mwili wa Livingstone, wameubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wapeni watoto nafasi hizo! Wabebe mizigo ya makuti, waimbe, wapige ngoma msafara ukiiona bahari.

Kwa hiyo mama, ukiambiwa mwanao yumo igizoni, uliza mambo matatu: anacheza nani, nani kamchagua na kwa nini, na mazoezi yanaisha saa ngapi. Saa nne usiku mtoto wa chekechea awe kitandani. Baada ya mazoezi kaa naye, muulize ameonaje. Akikataa kurudi, usimlazimishe.

Yule binti sasa ni mpiga ngoma. Mama yake kaniambia tangu juzi analala mpaka asubuhi.

Nyie mnaonaje? Wa kwenu wamepewa nafasi gani? Niandikieni hapo chini, nasoma zote nikitoka zamu.