Chaja ni haki ya mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Oktoba 2020, kampuni ya Apple ya Marekani ilipotangaza simu ya iPhone 12, wapenzi wake waligawanyika. Wengine waliisifu kwa kuondoa chaja ndani ya boksi, ati kupunguza taka na kulinda mazingira. Wengine walilalamika, nami nawaunga mkono. Chaja iliuzwa kando kwa dola 19, na waya uliokuwamo haukuingia katika chaja nyingi za zamani. Je, hapo aliyesaidiwa ni nani? Septemba 2022 Serikali ya Brazil ilipiga marufuku kuuza simu hizo bila chaja. Ilifanya vyema. Mazingira tuyalinde, lakini gharama asibebeshwe mnunuzi peke yake.

Msomaji wako.